Mwalimu wa Jumanne na Alhamisi

Mke wangu alikuwa anamenya ndizi mbele ya mlango wa jiko, nami nimekaa kwenye kigoda nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, aliposema kwa Kiingereza kwamba leo amefanya kazi sana. Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anajisemea mwenyewe, kama mtu anayeonja mchuzi kuona kama chumvi imekolea. Lakini lile neno la katikati, linaloandikwa "worked", lilimtoka mdomoni likiwa fupi kuliko nilivyolizoea. Alisema "wekt."

"Weked," nikamsahihisha bila kuinua macho.

"Hapana," akasema. "Mwalimu amesema ni wekt."

Kalamu yangu nyekundu ilisimama palepale.

Katika nyumba yetu neno mwalimu lilikuwa na maana moja tu. Lilikuwa jina langu. Mke wangu hajawahi kuniita kwa jina nililobatizwa, na hata baada ya kumpata binti yetu hakuniita baba fulani kama wanavyofanya wanawake wengi hapa Sakina. Aliniita Mwalimu tangu siku tuliyojuana, akaendelea kuniita hivyo tukila, tukigombana, tukiwa peke yetu. Sasa alikuwa amempa jina hilo mtu mwingine, mbele ya macho yangu, tena kwa ajili ya kunipinga.

"Mwalimu gani?" nikamuuliza.

"Wa kule darasani. Wa Jumanne na Alhamisi."

"Aa," nikasema, nikarudi kwenye madaftari. Nilisahihisha kurasa mbili nzima nisijue nimesahihisha nini.

Mimi kwetu ni Singida. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa shule ya msingi kwenye mteremko wa Mlima Meru, kule juu ambako mvua hunyesha hata wakati mjini Arusha vumbi linatimka. Mke wangu alikuwa binti wa nyumba iliyopakana na shule. Alikuwa amemaliza darasa la saba miaka kadhaa nyuma, hakuchaguliwa kuendelea, akabaki nyumbani kusaidia migomba na ng'ombe wa baba yake. Asubuhi alituletea maziwa sisi walimu. Siku moja akaniuliza maana ya sentensi aliyoiona ubaoni kupitia dirishani. Nikamweleza. Kesho yake akauliza nyingine. Baada ya muda nikajikuta kila asubuhi naandika sentensi moja upande wa ubao ulioelekea dirishani, sentensi ambayo darasa la tano hawakuihitaji kabisa.

Hivyo ndivyo tulivyochumbiana. Mvulana alitembea hadi sokoni. Msichana alipika chakula. Nilimfundisha maneno ya wakati uliopita kama nilivyofundishwa na mwalimu wangu kule Singida, naye kama alivyofundishwa na wa kwake: unalichukua neno, unaliongezea ed mwishoni, na hiyo ed unaitamka mpaka isikike. Woked. Kuked. Yeye aliyarudia huku ameshikilia ndoo ya maziwa kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa nasubiri ile ed kwa sababu ndipo meno yake yalipoonekana.

Siku ya ndoa, tulipotoka mlangoni mwa kanisa la Kilutheri la kwao, watu wakipiga vigelegele, aliniegemea akaninong'oneza kwa Kiingereza kwamba tumeoana. Neno "married" alilitamka kwa silabi tatu, kama nilivyomfundisha. Ma-ri-ed. Nilijiona mtu mkubwa kuliko mlima ule.

Baadaye nilihamishiwa shule ya mjini, huku Daraja Mbili, tukapanga nyumba Sakina, nyuma ya gereji zilizo kando ya barabara ya Nairobi. Yeye akapata kazi ya kusafisha vyumba kwenye hoteli ndogo ya watalii katikati ya mashamba ya kahawa, chini ya Meru. Aliipenda kazi hiyo. Halafu mpokea wageni mmoja akaolewa akahamia Mwanza, na meneja akamwambia mke wangu ajaribu nafasi ile, ila kwanza anyooshe Kiingereza chake. Ndipo aliposikia kuna darasa la wafanyakazi wa hoteli, Jumanne na Alhamisi alasiri, kwenye ukumbi wa kanisa moja hapahapa Sakina.

Mimi ndiye niliyemwambia aende. Nilikuwa na uhakika kwamba atawaacha wote nyuma, na kwamba mwalimu wa darasa hilo atamuuliza amejifunzia wapi, naye atataja nyumba yetu.

*

Mwalimu huyo alikuwa kijana. Hilo nililijua mapema kwa sababu nililiuliza mapema. Alikulia Njiro, kwenye zile nyumba za kuta ndefu na mageti, na alianza kusoma kwa Kiingereza tangu chekechea. Mke wangu alinieleza hayo yote kwa moyo mweupe, kama anavyonieleza habari za wageni wake, nani kaacha chumba kikiwa safi na nani kasahau miwani bafuni. Mimi nilikuwa napokea kila kipande na kukiweka mahali pake.

Jioni moja alikuwa anakunja nguo alizozianua, mimi nafunga kamba za viatu nikitaka kutoka, akaniambia, "Mwalimu, ngoja nikuonyeshe kitu. Weka vidole hapa."

Akaweka vidole vyake kooni.

"Sema zzz. Unasikia panatetemeka? Haya, sema sss. Umeona? Kimya. Neno likiishia na sauti isiyotetemesha koo, ile ed inakuwa t tu. Washed. Cooked. Wosht, kukt. Likiishia na inayotetemesha, inakuwa d. Cleaned. Changed. Na hiyo uliyokuwa unanifundisha wewe ipo, lakini ni kwa maneno yanayoishia na t au d yenyewe. Wanted. Folded. Hapo tu."

Alilikunja shuka moja huku akilisema, "Foldid," na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyegundua kwamba mlango aliokuwa anausukuma miaka yote unafunguka kwa kuvutwa.

Mimi nilikuwa nimebaki pale pa kwanza.

"Nani amekwambia uweke vidole kooni?"

"Mwalimu."

"Alikuonyeshaje?"

"Alituonyesha wote. Ila wengine tulikuwa tunaweka kwenye kidevu, ndiyo akapita akitusogezea mkono."

"Akikusogezea wewe?"

"Na mimi. Na mlinzi mmoja tunayesoma naye, na mpishi." Akanitazama. "Vipi, Mwalimu?"

"Hamna."

Nilitoka. Nilikuwa naenda dukani, lakini nilipofika nilisahau nimefuata nini, nikarudi na kiberiti ambacho tulikuwa nacho.

Siwezi kusema nilifikiri katika siku zile. Nilikuwa napima tu. Alimshika mkono upi? Alisimama mbele yake au nyuma yake? Kama alisimama mbele, basi alimtazama usoni. Kama alisimama nyuma, ni vibaya zaidi. Je, vidole vya kijana yule viligusa ngozi, au viligusa vidole vyake tu? Nilikuwa nasimama mbele ya wanafunzi, chaki mkononi, na maswali hayo yanapita. Nilianza kuona kwamba Jumanne na Alhamisi alivaa hereni za bluu ambazo zamani zilikuwa za Jumapili. Nilianza kuona kwamba anapotandika kitanda chetu asubuhi anatamka maneno yake polepole, anaguna, anarudia, mkono umekwenda kooni wenyewe. Ni shingo niliyoijua vizuri, mahali palepale panapotetemeka akicheka. Sikuwahi kujua kwamba pana kazi nyingine yoyote.

Na kulikuwa na jambo jingine lililoniuma vilevile, ila sikuweza kulisema kwa mtu. Maneno yale nilimpa mimi. Kila Jumanne na Alhamisi alikuwa anarudi nyumbani na machache yakiwa yameng'olewa na kupandikizwa mengine. "Helped" ilikwenda. "Finished" ilikwenda. Siku moja alisema "asked" kwa namna ambayo sikuielewa kabisa, ikabidi arudie, nami nikajifanya sikusikia kwa sababu ya kelele za gereji.

*

Alhamisi moja mvua ilishuka kutoka mlimani bila kutoa taarifa. Nilichukua mwavuli nikaenda kumpokea. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na mvua ilikuwepo kweli.

Ukumbi ule una madirisha ya vioo vya kupandana, na kwa kuwa ndani kulikuwa na joto la watu, vilikuwa vimefunguliwa. Nilisimama chini ya ukingo wa bati, mahali ambapo ningeweza kuona bila kuonekana. Walikuwa watu kama kumi na kitu kwenye viti vya plastiki. Mke wangu alikaa mstari wa mbele.

Kijana alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nimeomba awe na kasoro fulani, hata ubaya tu wa meno. Hakuwa nayo. Hakupiga kelele kama sisi tunavyopiga. Alikuwa anaandika neno ubaoni, anageuka, anangoja, na wao wanalisema. Mtu akikosea alikuwa anatabasamu kidogo na kulisema tena yeye, taratibu, kama anayempitishia mtu sahani.

Akaandika "married".

"Marid," darasa likasema.

Ilikuwa silabi mbili. Nilimwona mke wangu kwa upande, hereni ya bluu, mdomo unafunguka na kufumba. Alilisema pamoja na wengine, kwa sauti ya kawaida, na akasubiri neno linalofuata.

Nadhani nilisogea, kwa sababu mwavuli uligonga kioo. Kijana akageuka.

"Karibu," akasema, akaja mpaka mlangoni. Mke wangu akasimama akamwambia huyu ndiye mume wangu. Kijana akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, mwalimu. Dada ametuambia na wewe unafundisha Kiingereza."

"Marahaba," nikasema. Ningefurahi kama asingeniamkia. Mtu anayekuamkia hivyo, na macho ameyashusha, anakunyang'anya hata ile sababu ndogo ya kumchukia.

"Karibu ukae, tunamalizia. Labda utusaidie na mfano mmoja?"

Mpaka leo naamini hakuwa na nia mbaya. Ilikuwa heshima ya mwalimu kwa mwalimu. Ningeweza kusema nina haraka. Lakini mke wangu alikuwa ananitazama, na watu wote walikuwa wamegeuza viti, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote. Nikaenda ubaoni. Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti yangu ya kazini, kwamba jana nilitembea mpaka shuleni na niliwasaidia wanafunzi wangu.

"I woked to school and I helped my pupils," ndivyo nilivyosema, na "helped" nikaipa silabi mbili kamili, hel-ped, kwa mazoea ya miaka yote.

Halafu yule mlinzi, bado yuko na sare yake, mtu mzima kama mimi, akacheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyemwona mwenzake akikanyaga shimo alilolikanyaga yeye wiki iliyopita. Mpishi akacheka pia. Kijana akasema haraka, "Mfano mzuri, asante mwalimu, sentensi nzuri sana."

Mke wangu hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anafuta kitu kwenye sketi yake ambacho hakikuwepo.

Ningeomba acheke na wengine.

Tulirudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja, magari ya mizigo yakiturushia maji. Alizungumza habari za chakula.

*

Jumatatu iliyofuata nilikuwa na kipindi cha darasa la tano, na mada ilikuwa hiyohiyo, vitenzi vya wakati uliopita. Binti yetu yuko darasa hilo. Shuleni ananiita mwalimu kama wengine na hukaa nyuma na rafiki zake. Niliandika "jumped" ubaoni nikasema, na wao wakajibu kwa pamoja, kwa nguvu zile za watoto wa asubuhi ambao hawajachoka.

"Jam-ped!"

Lakini kuna sauti moja iliyomaliza kabla ya wengine. Nikasema tena. Wakajibu tena. Ilikuwa kama watu wanatembea pamoja na mmoja anakaa chini kabla hawajafika. Nilijua ni wapi inatoka kabla sijatazama. Binti yangu hakuwa ananikaidi. Alikuwa anatazama nje, mkono kwenye shavu, anajibu tu jinsi neno lilivyo kwake sasa. Alikuwa amelipata nyumbani, mama yake akitandika kitanda.

Niliwaambia wafungue vitabu wanakili zoezi.

Jioni ile nilimwambia mke wangu kwamba inatosha. Nilimwambia aache kwenda.

Alikuwa anachochea moto chini ya sufuria ya makande. Hakuinuka.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nimesema."

"Mwalimu, usaili ni wiki ijayo."

"Ukishapata hiyo kazi ndiyo utahamia Njiro?"

Hapo akainuka. Nilimjua mke wangu akiwa amekasirika, na nilimjua akiwa amechoka, lakini uso huu sikuwa nimeuona.

"Njiro kuna nani?"

"Unamjua."

"Yule kijana?" Alilitamka neno hilo kama aliyeambiwa kitu kwa lugha asiyoijua. "Wewe umekaa siku zote hizi unawaza hilo?"

"Alikushika shingo."

"Alinishika mkono! Alimshika na mlinzi, mbona mlinzi humwonei wivu?" Halafu akashusha sauti kwa sababu nyumba za kupanga zina kuta nyembamba. "Sikiliza. Kuna kitu sikukwambia, na sikukwambia kwa sababu nilijua utaumia. Lakini sasa umeshaumia bure, basi afadhali uumie kwa kitu cha kweli."

Akaniambia. Mwaka jana mgeni mmoja, mama wa makamo, alimuuliza kuhusu gauni lake. Mke wangu akamjibu kwamba amelifua na amelipiga pasi, kwa maneno niliyomfundisha, wosh-ed na ayon-ed. Yule mama hakuelewa. Akamwomba arudie, akarudia. Akamwomba tena. Mwishowe mama yule akaita mtu wa mapokezi aje kutafsiri Kiingereza kwa Kiingereza. Wenzake wakalifanya mchezo kwa muda mrefu. Kila akipita na ndoo walimwita ayon-ed.

"Na siku ya kwanza darasani," akasema, "yule kijana aliniuliza nani amenifundisha kusema hivi. Nikasema Mwalimu. Akauliza mwalimu gani. Nikasema mume wangu. Darasa lote likacheka. Yeye ndiye aliyewanyamazisha."

Makande yalikuwa yanachemka, mfuniko unagonga.

"Unajua kwa nini nilianza kurudia maneno nikiwa hapa nyumbani?" akaniuliza. "Nilitaka uyasikie. Nilijua ukiyasikia mara nyingi utayachukua mwenyewe, bila mtu kukwambia. Sikutaka mtu akucheke. Halafu ukaenda ukasimama palepale mbele yao."

Wivu wangu haukupungua kwa kusikia hayo, ulihama tu. Mpaka dakika ile niliona wivu kwa sababu ya vidole vya kijana. Sasa niliona wivu kwa sababu siku ile waliyomcheka, mtu aliyesimama upande wake alikuwa yule kijana, na mimi ndiye niliyekuwa sababu ya kicheko. Hilo lilikuwa gumu kulimeza kuliko lile la kwanza, kwa kuwa halikuwa na mtu wa kumlaumu.

Nikamwambia aende kesho. Akasema alikuwa anakwenda vyovyote.

*

Kazi aliipata. Siku ya usaili nilimsindikiza mpaka geti la hoteli, nikakaa na mlinzi wa hapo kwenye benchi, kahawa imechanua pande zote na kilele cha Meru kimefunikwa. Aliporudi alikuwa anatembea haraka, kiatu kimoja kimemwumiza, na kabla hajafika nilijua.

Kuna mara moja nilifika pale baadaye, mwezi wa tatu hivi wa kazi yake mpya, kumpelekea ufunguo aliousahau. Alikuwa nyuma ya meza ya mapokezi, amevaa koti la sare, anawaeleza wageni wawili kwamba wenzao wamefika, wamepumzika kidogo, kisha wameondoka kwenda kutembea. Maneno yalikuwa yanamtoka mafupi, safi, kila moja limekatwa mahali pake. Wageni walikuwa wanatikisa vichwa. Hakuna aliyemwomba arudie. Nilisimama mlangoni na ufunguo mkononi nikamtazama kama unavyomtazama mwanamke usiyemjua, ambaye ungependa kujua ni mke wa nani. Halafu akaniona, akasema, "Mwalimu, karibu," na wageni wakageuka kunitazama kwa heshima.

Siku hiyohiyo nilimwomba anifundishe.

Haikuwa rahisi kwetu wote wawili. Mimi ni mwanafunzi mbishi. Nilikuwa nauliza kwa nini, wakati yeye alitaka niseme tu. Yeye ni mkali kuliko nilivyotegemea. Nikikosea harudii taratibu kama yule kijana, anasema "Tena," na anaendelea na kazi yake. Ulimi wangu ulikuwa umekaa na ile ed tangu utotoni na haukuona sababu ya kuiacha. Maneno kama "asked" na "helped" yalinishinda kwa wiki nyingi, kwa sababu Kiswahili hakikutuzoesha kubananisha konsonanti namna ile bila kupenyeza irabu ya kupumzikia. Binti yetu alikuwa anafanya kazi zake za shule mezani akijifanya hasikii. Mara moja nilimsikia anacheka ndani ya kitabu.

Siku hizi darasani kwangu nafundisha njia zote tatu. Watoto wanapenda kuweka vidole kooni; inabidi niwazuie wasigusane shingo. Mwalimu mkuu alipita siku moja akasimama mlangoni, akawatazama watoto zaidi ya hamsini wakiguna wamejishika koo, akaniuliza kama kuna ugonjwa. Nikamweleza. Akajaribu mwenyewe, palepale mlangoni, akasema "woked", akaondoka ameridhika. Sikumfuata.

Kijana yule sikumwona tena isipokuwa mara moja, kwa mbali, karibu na kituo cha mafuta. Alinipungia mkono, nikampungia. Nilitazama alikuwa na nani. Alikuwa peke yake.

Halafu mwaka huu, mwanzoni mwa baridi, mke wangu alirudi kutoka kazini akavua koti la sare, akalitundika, akakaa jikoni kumenya viazi. Mimi nilikuwa napuliza mkaa.

"Yule kijana amehama," akasema. "Amepata kazi Dar. Darasa limefungwa."

"Lini?"

"Alikuja kutuaga jana pale hotelini."

Jana hakuwa amesema chochote. Nilipuliza mkaa kwa muda, ingawa ulikuwa umeshakolea.

"Ulilia?" nikamuuliza.

Angeweza kunicheka. Angeweza kuniuliza kama nimerudi kwenye mambo yaleyale. Alikikata kiazi vipande viwili, akavitumbukiza kwenye maji, akafikiri kama mtu aliyeulizwa swali la haki.

"Kidogo," akasema.

Nikachukua sufuria nikaiweka jikoni. Nje mvua ya manyunyu ilikuwa imeanza, na mashati yangu ya shule yalikuwa bado kwenye kamba, kwa hiyo nilitoka nikayaanua moja moja, nikisimama pale uani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka aliponiita ndani.